Umefunga matairi mapya ya porini, gari linatetema: tuanzie wapi?

Malalamiko haya yana mtindo mmoja. Mwenye gari amefunga matairi manne mapya ya porini, AT (ya lami na porini) au MT (ya tope), kwenye Prado, Hilux au Land Cruiser mkonga. Anatoka Arusha kuelekea Makuyuni, mshale ukigusa 90 usukani unaanza kumcheza mikononi. Anarudi, anapigiwa balansi upya, yaani uzito wa magurudumu unasawazishwa, anaondoka, kesho yuko hapa tena. Safari ya tatu haji na swali, anakuja na hukumu: "Fundi, umenipa tairi mbovu."

Tairi bovu kutoka kiwandani lipo, nimeyaona. Lakini mengi niliyorudishiwa yalikuwa mazima. Kasoro ilikuwa namna yalivyofungwa, au kitu kilichochakaa zamani ambacho matairi mepesi ya mwanzo yalikuwa yakikifichia aibu. Tairi la MT la inchi 17 lenye ply 10 (kipimo cha uimara wa tabaka zake) linaweza kuzidi kilo 25 kabla hujaliweka kwenye rimu. Bushi iliyokuwa inavumilia tairi la mjini, ikipewa mzigo huo inakutangazia umri wake.

Kwa hiyo usilipie balansi ya tatu kwanza. Soma.

## Maswali matatu kabla ya jeki

Unausikia wapi, kwa kasi gani, na wakati huo unafanya nini?

Mtetemo wa kwenye usukani hutoka magurudumu ya mbele. Wa kwenye kiti na sakafu hutoka nyuma, au kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Ukitaka hakika, badilishana magurudumu ya mbele na ya nyuma, kisha rudi barabara ileile. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kwenye kiti, umeambiwa kwamba tatizo liko kwenye tairi au rimu. Ukibaki palepale, acha kulaumu tairi, tazama gari lenyewe.

Namna unavyotetema nayo inasema. Tairi la 265/65R17, saizi ya Prado nyingi, lina mzingo wa karibu mita 2.44, kwa hiyo kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 11 hivi kila sekunde. Propela, kwa sababu ya gia za difu kwenye ekseli, inazunguka karibu mara nne ya hapo. Ndiyo maana mtetemo wa gurudumu ni mtikisiko unaoona hata maji ya kwenye chupa yakiucheza, na wa propela ni mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga, unaousikia masikioni na kwenye nyayo.

Kasi: balansi mbaya kwa kawaida huanza kuonekana kwenye 80, hukolea kati ya 90 na 110. Gari likidunda kwenye 30 au 40, hilo si suala la uzito, ni suala la umbo. Kuna kitu si duara.

Wakati wa kupima, tafuta lami laini, endesha kilomita 15 kwanza tairi lipate joto, na hakikisha upepo ulijazwa tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Matairi ya ply 10 mara nyingi huhitaji upepo zaidi kidogo ya yale yaliyokuja na gari, lakini nimekuta watu wamejaza PSI 65 kwenye Hilux tupu, halafu wanauliza kwa nini inarukaruka kama mbuzi.

Simama hapa kwanza. Kama tairi limefungwa leo au jana na gari linatetema kwa mwendo wowote, usijaribu kwenda kasi zaidi "uone kama litaacha". Egesha, kaza nati zote. Nati iliyolegea hula tundu la rimu, na stadi, bolti inayoshika nati, hukatika bila kuaga. Rimu za aloi, hasa mpya, zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Prado ya rimu za aloi hukazwa kwa Nm 112, na spana ya toki ndiyo inayojua namba hiyo. Kijana anayeruka juu ya mpini wa spana haijui.

## Usukani unacheza kuanzia 80

Tope. Naona aibu kulitaja la kwanza, linaonekana dogo mno. Masika mmoja dereva wa watalii aliniletea mkonga akitokea Tarangire.

"Fundi, balansi yako ya juzi imeshaisha."

"Kaka, gari umeosha?"

"Limeoshwa, si unaliona linavyong'aa?"

Nikaingiza mkono nyuma ya rimu nikatoka na kipande cha udongo mweusi wa mbuga, kimekauka kama tofali, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Waosha magari hupiga maji upande unaoonekana. Upande wa ndani, kwenye kona ya rimu, udongo ule hunata na kukauka, na kila gurudumu hubeba wake.

Gramu 100 tu zilizonata kwenye ukingo wa rimu ya inchi 17 zikizungushwa kwa kilomita 100 kwa saa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 11, na huvuta hivyo mara 11 kwa sekunde. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo yake, ndiyo maana mjini hukusikia kitu. Osha ndani ya rimu zote nne kwa brashi na kijiti kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Subiri tu diski za breki zipoe, maji baridi kwenye diski ya moto ni kujitafutia kazi nyingine.

Uzito umedondoka. Zungusha gurudumu polepole utazame ndani na nje. Ukiona kivuli cha mstatili safi mahali palipokuwa na kipande cha risasi cha balansi, jibu umepata. Vya kubandika hudondoka wiki ya kwanza fundi asipofuta rimu kwa spiriti au thina. Vya kugonga navyo haviwi na saizi moja, cha rimu ya chuma hakishiki vizuri kwenye mdomo wa rimu ya aloi. Kwa magari ya porini mimi hubandika upande wa ndani, mbali na mawe, kisha napitisha mkanda wa aluminiamu juu yake.

Balansi ilipigwa gurudumu likiwa limekaa upande kwenye mashine. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mashine inaonyesha sifuri, sifuri, fundi anakuonyesha kioo kwa fahari, na gari bado linatetema. Mashine haidanganyi. Imepima kwa usahihi gurudumu lililoshikwa vibaya. Koni inayoshika gurudumu kwenye mashine ilikuwa ndogo, au rimu ina kutu na rangi iliyovimba kwenye tundu la katikati, au gurudumu ni zito na halikushikiliwa wakati wa kukaza.

Jaribio lake halichukui dakika tatu, na una haki ya kuliomba. Baada ya sifuri, fundi alegeze gurudumu, aligeuze nusu duara juu ya shafti ya mashine, akaze tena na kuzungusha. Mashine ikibaki karibu na sifuri, kazi ni nzuri. Ikianza kudai gramu 15, 20 au zaidi, gurudumu halikukaa katikati na balansi yote irudiwe kwa koni inayofaa, ikiingizwa kutoka nyuma ya rimu. Fundi anayekasirika ukimwomba jaribio hili, mlipe, mshukuru, nenda kwingine.

Rimu haikai katikati kwenye habu. Hilux na Prado zina habu ya milimita 106. Rimu nyingi za kununua madukani zimetobolewa milimita 110 ili zitoshe magari mengi. Nafasi hiyo inatosha gurudumu kukaa pembeni kidogo, na kidogo hicho kwa tairi zito ni kingi. Dawa yake ni pete ya kuziba nafasi hiyo, au nati za koni zikazwe kwa mpangilio: gurudumu likiwa limening'inia, kaza kwa mkono zote, kisha kwa spana moja na ya mkabala wake, ndipo ushushe jeki na kumalizia. Ukishusha gari chini nati moja tu ikiwa imekazwa, uzito wa gari ndio utakaochagua katikati.

Tena angalia nati zenyewe. Aloi za Toyota zilizotoka na gari hutumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za kununua nyingi hutumia nati za koni. Huwezi kuzibadilishana. Hili halisababishi mtetemo tu, linafungua gurudumu.

Mdomo wa tairi haujakaa. Karibu kabisa na ukingo wa rimu, ubavuni mwa tairi, kuna mstari mwembamba ulioinuka unaozunguka tairi zima. Zungusha gurudumu ukiutazama. Umbali kati ya mstari na rimu uwe uleule mahali pote. Ukizama sehemu fulani, mdomo wa tairi umekwama pale, hasa kama lilifungwa kwa mitaimbo bila sabuni. Toa upepo, vunja mdomo, paka maji ya sabuni, jaza tena usikie milio miwili ya kukaa.

Usivuke PSI 40 unapokalisha mdomo wa tairi. Ukikataa kukaa kwa 40, kuna kasoro: toa upepo, anza upya. Na kama ni mkonga wenye zile rimu za zamani za pete na 7.50R16 za tyubu, usijaze kabisa nje ya kizimba cha chuma. Pete ile ikichomoka inaua, na haichagui mzoefu. Peleka kwa mwenye kizimba.

Kitu kimo ndani ya tairi. Maji kutoka kwenye kompresa isiyomwagwa, jambo la kila siku Dar na Mombasa kwenye unyevu ule. Au dawa ya pancha ya kumimina, ambayo hukusanyika chini gari likilala. Dalili yake haina mfanano: kila ukizungusha gurudumu kwenye mashine inataja namba tofauti. Hakuna risasi ya kulitibu hilo. Fungua, kausha, funga.

Tairi limezunguka juu ya rimu. Ulishusha upepo hadi 18 ili upite mchangani, ukakanyaga mafuta kwa nguvu, rimu ikazunguka tairi likabaki. Balansi iliyopigwa kabla ya hapo haina maana tena. Siku ya kufunga chora mstari mmoja wa chaki ya nta ukipita kwenye tairi na rimu. Ukirudi porini na nusu mbili za mstari haziko pamoja, unajua.

Umbo. Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye tairi lenyewe. Inua gurudumu, weka msumari juu ya kigogo karibu na uso wa tairi, zungusha. Kwa MT zenye kashata kubwa zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwanza ili upate mstari wa kutazama. Fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa rimu. Rimu ikicheza, imepinda. Rimu ikitulia na tairi likipanda na kushuka zaidi ya milimita moja na nusu hivi, tairi lina sehemu ya juu na ya chini, na balansi haiwezi kuficha mlima.

Bado usilitupe. Wengi hufunga bila kutazama vidoti vya rangi. Cha njano ni sehemu nyepesi, huwekwa palepale ilipo vali. Chekundu ni sehemu iliyoinuka au ngumu kuliko nyingine, huwekwa kwenye sehemu ya chini ya rimu kama rimu imewekewa alama, na kama vipo vyote viwili chekundu ndicho kinachofuatwa. Hata bila vidoti, kuvunja tairi na kuligeuza nusu duara juu ya rimu mara nyingi kunapunguza tatizo, kwa sababu mlima wa tairi unaangukia bonde la rimu. Mimi tairi likidai zaidi ya gramu 200 siongezi risasi kabla sijaligeuza. Kwenye miji mikubwa zipo mashine zenye roli inayolikandamiza tairi likizunguka na kupima ugumu wake. Kama umefika hatua hii, ni halali kulipia.

Neno moja kuhusu alaimenti, maana kila mtu huitaja. Alaimenti mbaya hulivuta gari upande na kula tairi. Haitetemeshi usukani kwenye 90. Ipige, unaihitaji ukibadilisha saizi ya tairi au kunyanyua gari, ila usitegemee ikuponyeshe ugonjwa usio wake.

## Kiti na sakafu vinatetema, usukani umetulia

Anza na magurudumu ya nyuma kwa orodha ileile, tope likitangulia. Kisha kanyaga mafuta, uachie, ukanyage tena kwenye kasi ileile. Mtetemo ukibadilika kwa mguu wako, ondoka kwenye tairi uende kwenye propela.

Gari lililonyanyuliwa ili matairi makubwa yatoshe limebadilishiwa pembe ya propela. Lala chini, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, shika propela uisukume juu chini na kuizungusha mbele nyuma. Krosi, kile kiungo cha msalaba cha propela, ikicheza hata kidogo, au ukiona vumbi jekundu la kutu pembeni ya vikombe vyake, imekwisha. Nipo za grisi, vile vichwa vya kupigia grisi, zimesahaulika kwenye magari mengi kuliko wenye magari wanavyokubali. Na kama propela ilitenganishwa karibuni, vipande viwili lazima virudi kwenye alama zake. Vikikosea jino moja, gari zima linavuma.

Kubadilisha krosi au kurekebisha pembe ya difu ni kazi ya gereji yenye vifaa. Propela inayokatika kwenye 100 inachimba lami au inapanda sakafuni.

## Linadunda polepole, hata kwenye 30

Asubuhi tu, halafu linapotea baada ya kilomita kumi au ishirini: tairi limekaa na kupata bapa. Matairi mazito ya ply 10 hufanya hivyo gari likilala siku nyingi, na pia yale yaliyokaa stoo yamelaliwa na mengine. Hilo si ugonjwa.

Haliondoki: rudi kwenye mstari wa mdomo wa tairi, kisha rimu iliyopinda.

Linaongezeka siku hadi siku: egesha gari. Pitisha kiganja polepole kwenye uso wa tairi na ubavu wote, wa ndani pia. Nundu ubavuni maana yake nyuzi zimekatika, mara nyingi baada ya jiwe au shimo. Uvimbe kwenye uso wa tairi maana yake tabaka zinaachana. Tairi hilo halibalansiwi, halizibwi, halifanywi spea. Weka spea urudi nyumbani taratibu. Matairi ya "karibu mapya" yanayokuja kwa kontena yakiwa yamechomekwa moja ndani ya jingine huwa na tabia hii, nyuzi ziliumia safarini na nje hapaonekani kitu.

## Usukani unaruka kama umepagawa baada ya kugonga shimo

Huu ni wa magari yenye ekseli nzima mbele: mkonga, Patrol, Defender za zamani. Unakwenda 70, gurudumu moja linagonga rasta au kishimo, na mbele kote kunaanza kupigwa kushoto kulia kwa nguvu ya kukutoa usukani mkononi. Asiyewahi kukutwa nao hudhani gurudumu limechomoka.

Ukikutwa: shika usukani kwa mikono miwili bila kupigana nao, achia mafuta, ongoza gari linyooke, lipungue lenyewe mpaka litulie. Usisindilie breki. Kisha usiendelee na safari ya kasi kwa kujiambia limeacha.

Tairi jipya zito linaamsha kitu hiki, halikizai. Injini ikiwa inawaka, gari chini, hendibreki juu, mtu azungushe usukani kwa haraka kidogo kushoto na kulia huku wewe unatazama ekseli ya mbele bila kuingia chini ya gari. Mkonga wa modeli za 78 na 79, tangu mwaka 1999, una springi za koili mbele, na ekseli inashikwa isiende pembeni na chuma kimoja kirefu, panadi rodi. Bushi zake zikiisha, utaona chuma kikisogea kabla ekseli haijasogea. Tazama na tairodi endi zote, viungo vya fimbo za usukani.

Kisha inua gurudumu, weka stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shika juu na chini, lisukume. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini ndani ya kiungo cha gurudumu. Shika kushoto na kulia: hapo mchezo ni wa tairodi.

Kwa magari haya kingipini ndiyo ninayoshuku mapema zaidi, kwa sababu hulegea taratibu na dereva huzoea. Kuikaza kunahitaji kupima uzito wa kugeuka na kuweka sahani nyembamba za kipimo sahihi, kazi ya fundi anayejua mkonga, si ya kubahatisha. Atakayekuuzia dampa mpya ya usukani (kifyonza mtikisiko) kama tiba ya kwanza amekuuzia kifuniko. Mtetemo utanyamaza miezi miwili, beringi zitaendelea kuliwa.

## Unakanyaga breki ndipo linatetema

Balansi haihusiki. Diski haina unene sawa, au imekaa juu ya kutu na uchafu ulioachwa kwenye habu wakati wa kufunga matairi. Sababu nyingine ni nati kukazwa kwa nguvu zisizolingana. Legeza, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya, kaza kwa mpangilio na spana ya toki. Ukiendelea, diski zipimwe. Breki ikivuta upande mmoja au pedali ikizama, gari libebwe, lisiendeshwe.

## Kelele na kona

MT zinanguruma. Zinabadilisha sauti lami ikibadilika, na hilo ni la kawaida, utalizoea au utafunga AT. Sauti inayoongezeka ukipinda kushoto na kupungua ukipinda kulia ni beringi ya gurudumu, ishughulikie wiki hii.

Gari linajikaza na kusukumasukuma kwenye kona za lami? Angalia kama umeacha H4, magurudumu yote manne yakivuta pamoja. Watu wazima na leseni zao wameniletea hilo kama balansi mbovu. Kwenye Prado yenye 4WD ya muda wote, usichanganye mbele mapya na nyuma yaliyokwisha, tofauti ya mzingo inachosha difu ya katikati.

Na ukiwa umepanda kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, tairi limekua kwa asilimia 7. Mshale ukisema 50, unakwenda zaidi ya 53. Askari wa tochi hajali saizi ya tairi.

## Ukilirudisha dukani

Usiende na hasira, nenda na vitu. Namba ya DOT, tarakimu nne za mwisho ndizo wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mara nyingi imeandikwa kamili ubavu mmoja tu, huenda ikawa wa ndani. Risiti. Video ya msumari na tairi likizunguka juu ya rimu iliyotulia. Namba za gramu lilizodai kabla na baada ya kugeuzwa nusu duara. Muuzaji mwenye akili akiona hivyo atalibadilisha, kwa sababu umeshamalizia sababu zote alizokuwa anataka kukutupia. Ila lipeleke mapema, maana baada ya kilomita elfu tano tairi limeshaanza kuliwa kwa namna ya gari lako, na hapo huwezi tena kuonyesha kilichotangulia.